Ajali haina kinga, lakini kanisa lina la kufanya

WAHENGA walinena kwamba ajali haina kinga. Hawakusema kwamba haina maandalizi.

Mwandishi wa makala haya angali anakumbuka Jumapili moja, miaka mingi iliyopita, katika kanisa moja la mashambani. Mzee wa kanisa aliyekuwa akisoma matangazo alinyamaza ghafla, akashika kifua, akaanguka kando ya mimbari.

Yaliyofuata yalikuwa matendo ya watu wema wasiojua la kufanya. Waumini wapatao thelathini walimzingira wakamzibia hewa. Mmoja alimmwagia maji usoni, mwingine akajaribu kumnywesha soda. Kijana aliyetumwa kutafuta gari alikuta magari matatu yameziba lango, na mwenye mojawapo hakujulikana ni nani.

Zilipita takriban dakika 25 kabla ya mzee huyo kutolewa uani. Alifariki njiani.

Baadaye ndipo ilipobainika kwamba muuguzi mwenye tajriba ya miaka mingi alikuwa hatua chache tu kutoka hapo, katika chumba cha shule ya Jumapili, akiwafunza watoto. Hakuna aliyekumbuka kumwita.

Pengine mzee yule angefariki hata kama kila jambo lingetendwa sawasawa. Hilo hakuna awezaye kuliapia. Linalojulikana ni kwamba hakupewa nafasi ambayo angeweza kupewa, na kwamba kilichokosekana hakikuwa upendo wala fedha. Kilikosekana mpango.

Makala haya yanaangazia jinsi kanisa, liwe kubwa la mjini au dogo la mabati kijijini, linavyoweza kujiandaa kukabiliana na maradhi ya ghafla na majeraha makubwa. Mengi ya yanayoelezwa hapa yanaufaa pia msikiti, hekalu, shule na ukumbi wa mikutano.

Mbona kanisani?

Kanisa hukusanya watu wa kila umri mahali pamoja kwa saa kadhaa. Humo mna wakongwe wenye shinikizo la damu, akina mama wajawazito, watoto wachanga, watu wenye kisukari na wengine ambao wamefunga kula tangu alfajiri. Mahali penginepo, watu wa aina hiyo ni nadra kukaa pamoja kwa muda mrefu hivyo.

Aidha, Jumapili asubuhi ni wakati ambapo zahanati nyingi za mashambani hazina wahudumu wa kutosha, au zimefungwa kabisa. Vivyo hivyo usiku wa manane, wakati wa kesha.

Isitoshe, Kenya imeshuhudia misiba ambayo haikutokana na maradhi. Mnamo Julai 1, 2012, washambuliaji walivamia makanisa mawili mjini Garissa kwa gruneti na risasi, wakawaua watu wasiopungua 15. Septemba 30 mwaka uo huo, gruneti ilirushwa katika darasa la shule ya Jumapili la kanisa la St Polycarp, barabara ya Juja jijini Nairobi, ikamuua mtoto mmoja na kuwajeruhi wengine.

Machi 23, 2014, watu wenye bunduki waliwafyatulia risasi waumini katika kanisa la Joy in Jesus, Likoni, Mombasa. Miongoni mwa walionusurika ni mtoto mdogo ambaye hakuwa ametimiza umri wa miaka miwili. Risasi iliyokwama kichwani mwake iliondolewa na madaktari wa upasuaji katika Hospitali Kuu ya Kenyatta.

Hata hivyo, itakuwa makosa kanisa kujiandaa kwa shambulio pekee. Kwa kanisa la kawaida, yanayobisha hodi mara nyingi ni kuzirai, kifafa, kupaliwa na chakula, kuanguka kwa wazee, kuungua kwa maji moto jikoni na ajali ya gari wakati wa safari. Anayeweza kukabili haya atakuwa amejifunza sehemu kubwa ya yale mengine.

Somo la Msamaria

Kila Mkristo anakijua kisa cha Msamaria mwema katika Injili ya Luka. Aghalabu husomwa kama funzo la huruma. Lakini ukikichunguza, utaona kwamba mtu huyo pia alikuwa amejiandaa.

Alikuwa na vifaa vya kutibu na kufunga jeraha. Alikuwa na usafiri, yaani mnyama wake mwenyewe. Alijua mahali pa kumpeleka majeruhi. Alikuwa na fedha za kulipia, na akaahidi kurudi kuangalia hali ya mgonjwa. Huruma bila mambo hayo ingemwacha majeruhi barabarani, akihurumiwa.

Kanisa nalo linaweza kujipima kwa vipimo hivyo: watu, vifaa, usafiri, hospitali, fedha na ufuatilizi.

Watu: anzeni na walio miongoni mwenu

Hatua ya kwanza haigharimu hata shilingi. Mchungaji au padri awaombe wauguzi, maafisa wa matibabu, wakunga, madaktari, askari, wazimamoto na waliopata mafunzo ya huduma ya kwanza wajiandikishe. Kanisa lenye waumini 200 halikosi wawili au watatu. Wengi hushangaa kugundua wanaoketi nao kila wiki.

Kutoka katika orodha hiyo iundwe kamati ndogo. Kila ibada iwe na watu wasiopungua wawili wa zamu, na majina yao yajulikane kwa wahudumu wa mlangoni. Waketi mahali wanapoweza kuonekana na kufikiwa haraka, na wasipewe majukumu mengine wakati huo. Muuguzi anayefunza watoto asihesabiwe kuwa wa zamu.

Wasio na taaluma ya afya nao wana kazi. Mmoja awe wa kupiga simu. Mmoja awe wa kwenda barabarani kulielekeza gari la wagonjwa. Mmoja asimamie umati na kuhakikisha kwamba watu hawamzingiri mgonjwa. Mmoja ashughulikie jamaa za mgonjwa, hasa watoto wake. Anayeongoza ibada naye awe na maneno aliyoyaandaa ya kuwatuliza waumini, kwa maana sauti yenye hofu kutoka mimbarini huzua mkanyagano.

Mafunzo ya huduma ya kwanza hutolewa na Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya, lililoundwa kwa sheria ya Bunge mnamo 1965, pamoja na St John Ambulance na mashirika mengine. Makanisa jirani yanaweza kuchanga na kumwalika mkufunzi mmoja. Ujuzi huchakaa usipotumiwa, kwa hivyo mafunzo yarudiwe kila baada ya mwaka mmoja au miwili.

Vifaa: sanduku lisiwe pambo

Makanisa mengi yenye sanduku la huduma ya kwanza hulifungia ofisini, na ufunguo huwa kwa katibu ambaye hakufika siku hiyo. Sanduku la aina hiyo ni pambo. Liwekwe mahali pa wazi, penye alama, na kila mhudumu ajue lilipo.

Ndani yake muwe na glavu nyingi, pamba na vitambaa safi vya kufunga vidonda, bendeji pana na nyembamba, plasta, mkasi wa kukata nguo, kifungio maalumu cha kuzuia damu mkononi au mguuni, banzi za kushikilia mfupa uliovunjika, blanketi, tochi, sukari, maji safi, kalamu na karatasi. Kifaa cha kupima shinikizo la damu na kile cha kupima sukari ni vya manufaa palipo na mtu ajuaye kuvitumia.

Glavu zitajwe mara mbili. Hofu ya maambukizi kupitia damu imewafanya watu wengi kusimama kando huku mwenzao akitokwa na damu. Glavu za bei nafuu huiondoa hofu hiyo.

Machela ikikosekana, ubao imara au blanketi nene linaloshikwa na watu sita litafaa. Makanisa makubwa yenye uwezo yanaweza kununua mashine ya kushtua moyo, ambayo hutoa maagizo kwa sauti na yaweza kutumiwa hata na asiye daktari.

Dawa za kumeza zisigawanywe ovyo. Mtu mmoja akabidhiwe jukumu la kukagua sanduku kila mwezi, kuondoa vilivyopitwa na wakati na kujaza vilivyotumika.

Usafiri na hospitali

Nambari za simu za dharura zibandikwe ukutani: 999 na 112 za polisi, 1199 ya Msalaba Mwekundu, pamoja na nambari ya gari la wagonjwa la kaunti. Chini ya Katiba ya 2010, huduma za magari ya wagonjwa ni miongoni mwa majukumu ya serikali za kaunti.

Palipo mbali na mji, gari hilo laweza kuchelewa. Kwa sababu hiyo kanisa liwe na magari mawili ya waumini yaliyokubaliwa mapema, yameegeshwa yakielekea lango, yana mafuta, na madereva wao wanajulikana. Njia ya kutokea isizibwe hata siku ya harusi ya tajiri.

Swali muhimu zaidi ni hili: tunampeleka wapi? Hospitali iliyo karibu si lazima iwe ndiyo ifaayo. Zahanati, ambayo ni kituo cha daraja la pili, haina chumba cha upasuaji. Aliyejeruhiwa vibaya tumboni au kichwani akipelekwa huko atahamishwa tena, na muda utapotea. Kamati izuru hospitali za eneo lake mapema na kuuliza: ni ipi iliyo wazi saa 24? Ni ipi inayofanya upasuaji usiku? Ni ipi yenye damu? Ni ipi yenye dawa ya sumu ya nyoka? Majibu yaandikwe na kubandikwa kando ya nambari za simu.

Vilevile, iandikwe namna ya kueleza mahali kanisa lilipo. Katika taharuki, mtu huweza kusahau hata jina la barabara anayoipita kila siku.

Dakika za kwanza

Yafuatayo ni mambo ya msingi. Hayachukui nafasi ya mafunzo, lakini ni heri kuyajua kuliko kutoyajua.

Kabla ya yote, mwokoaji ahakikishe kwamba mahali ni salama. Aliyenaswa na umeme asiguswe kabla ya swichi kuu kuzimwa. Mwokoaji akiangamia, waathiriwa huwa wawili.

Moyo kusimama: Mtu aliyeanguka, hajibu anapoitwa na hapumui kama kawaida, moyo wake huenda umesimama. Ubongo huanza kudhurika baada ya dakika chache tu za kukosa hewa. Simu ipigwe mara moja, na mwingine aanze kubonyeza katikati ya kifua kwa mikono miwili, kwa nguvu, kina cha sentimita tano hadi sita kwa mtu mzima, mara 100 hadi 120 kwa dakika, akiruhusu kifua kirudi juu kila mara. Aliyefunzwa hutoa pumzi mbili baada ya kila mibonyezo 30. Asiyefunzwa aendelee kubonyeza tu. Kazi hii huchosha, kwa hivyo watu wapokezane kila dakika mbili. Kwa watoto wachanga mbinu ni tofauti kidogo, na hilo ni jambo la kufunzwa na mkufunzi.

Damu nyingi: Mtu mzima ana takriban lita tano za damu, na mshipa mkubwa uliokatika waweza kummaliza kwa dakika chache. Weka kitambaa safi juu ya jeraha, bonyeza kwa nguvu, wala usiachilie kila mara ili kuchungulia. Damu ikipenya, ongeza kitambaa kingine na uzidi kubonyeza.

Endapo damu inaruka kutoka mkononi au mguuni na haisiti, funga kifungio sentimita tano hadi saba juu ya jeraha, upande wa moyoni, lakini si juu ya kiungo. Kaza hadi damu isite. Andika saa uliyofunga, na usikilegeze hadi mgonjwa afike hospitalini. Kamba nyembamba au waya hukata nyama. Tumia kitambaa kipana na kijiti cha kukazia ikiwa kifungio maalumu hakipo.

Kitu kilichodunga mwilini, kama kisu, kioo au kipande cha chuma, kisichomolewe. Huenda ndicho kinachoiziba damu.

Mifupa na uti wa mgongo: Aliyeanguka kutoka juu au aliyepata ajali ya gari asikokotwe wala kuketishwa, isipokuwa mahali hapo pana hatari kama moto. Kichwa na shingo vishikiliwe visigeuke. Waokoaji wenye haraka wanaweza kumpoozesha mtu ambaye ajali haikumpoozesha.

Kupaliwa: Anayeweza kukohoa aachwe akohoe. Asiyeweza kukohoa wala kusema ainamishwe, apigwe mara tano katikati ya mabega kwa kiganja. Kitu kisipotoka, asimamiwe nyuma na kubinywa tumboni, juu ya kitovu, mara tano kuelekea ndani na juu. Rudia kwa zamu. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja hapaswi kubinywa tumbo, hubonyezwa kifua. Mjamzito naye hubonyezwa kifua.

Kifafa: Ondoa viti na vitu vigumu karibu naye, weka nguo laini chini ya kichwa, tazama saa. Usimshike kwa nguvu, wala usimtie kijiko au kitu chochote kinywani. Degedege likikoma, mlaze kwa ubavu. Likizidi dakika tano, au likirudi kabla hajapata fahamu, apelekwe hospitalini bila kukawia.

Kiharusi: Uso ukienda upande, mkono ukilegea, maneno yakivurugika, hesabu saa. Kuna dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda ambayo hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili kuanza, pale ambapo hospitali ina vifaa vya kupiga picha ya ubongo. Usimpe mgonjwa chakula, maji wala aspirini.

Maumivu ya kifua: Mgonjwa akalishwe, atulizwe, asitembezwe. Ikiwa ana fahamu, hadhuriwi na aspirini na hana tatizo la kutokwa na damu, atafune miligramu 300 huku akisubiri usafiri.

Kisukari: Anayetetemeka, kutokwa na jasho na kuchanganyikiwa, hasa ikiwa amefunga, huenda sukari imemshuka. Ikiwa ana fahamu na anaweza kumeza, apewe vijiko vinne vidogo vya sukari katika maji, au soda yenye sukari. Asiye na fahamu asinyweshwe chochote.

Kuungua: Mwagia maji safi ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20. Siagi, dawa ya meno, unga na mayai havitibu. Huzidisha madhara na kumpa daktari kazi ya kuvikwangua.

Kuumwa na nyoka: Mtulize mgonjwa, vua pete na bangili, zuia kiungo kilichoumwa kisisogezwe, mpeleke hospitalini. Usikate, usinyonye, usifunge kamba, usimwinde nyoka.

Hatari za kanisani

Kila kanisa lina hatari zake, na kamati yenye busara huzitafuta kabla hazijaitafuta.

Katika kesha za msimu wa baridi, waumini hufunga madirisha na kuwasha jiko la makaa, au huweka jenereta karibu na mlango. Vyote viwili hutoa gesi ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Waumini wakianza kulalamika kwa pamoja kuhusu kuumwa na kichwa na usingizi mzito, huenda si uchovu. Milango ifunguliwe, wote watoke nje.

Ubatizo wa mtoni una hatari ya mkondo, kina na wanyama kama mamba. Mahali pakaguliwe siku hiyo hiyo, kamba iwepo, na waogeleaji wawili wasimame majini upande ambao maji yanaelekea. Mvua kubwa milimani yaweza kufurisha mto ambao asubuhi ulikuwa wa kuvukwa kwa miguu.

Nyaya za vyombo vya muziki zilizochunwa, hasa katika mkutano wa injili uwanjani wakati wa mvua, ni mauti yanayosubiri. Kipaza sauti kinachomtetemesha mhubiri si cha kufanyiwa mzaha.

Katika majengo yenye milango, yote ifunguke kuelekea nje na isifungwe kwa kufuli wakati wa ibada. Nafasi kati ya viti isijazwe mabenchi ya ziada siku ya sikukuu. Pahali pa ujenzi pazungushiwe ua, maana watoto hawajui kwamba ukuta mbichi huanguka.

Kuhusu watoto, kila darasa liwe na orodha ya waliopo na njia yake ya kutokea. Taharuki ikizuka, wazazi wote hukimbilia chumba kimoja, na hapo ndipo watu hukanyagana. Wazazi wakijua mapema mahali ambapo watoto wao watapelekwa, wataelekea huko.

Kukitokea shambulio au mlipuko, somo la Agosti 7, 1998 lisisahaulike. Siku hiyo ubalozi wa Marekani jijini Nairobi uliposhambuliwa kwa bomu na watu 213 wakafa, wengi walijeruhiwa macho na nyuso kwa sababu walisikia kishindo cha kwanza wakaenda madirishani kutazama. Ukisikia mlipuko, lala chini, jiepushe na vioo, kisha utoke kwa njia iliyo mbali na hatari. Umati usikusanyike mahali pa tukio, kwa kuwa huenda mlipuko wa pili ukafuata.

Majeruhi wakiwa wengi, asiyelia ndiye wa kuangaliwa kwanza. Anayepiga kelele angali anapumua. Aliyenyamaza huenda hapumui.

Maombi na tiba

Wapo wanaodai kwamba kujiandaa ni kukosa imani. Dai hilo halina mashiko. Wamishonari wa Kikristo ndio walioanzisha hospitali za Kijabe, Chogoria, Tumutumu na Tenwek, na hakuna aliyesema kwamba walifanya hivyo kwa sababu waliacha kuomba.

Madhara ya kutenganisha imani na tiba, na hata na chakula, yalidhihirika mwaka wa 2023, miili zaidi ya 400 ilipofukuliwa katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi. Hao walikuwa wafuasi walioaminishwa kwamba kufunga hadi kufa kungewakutanisha na Mwokozi wao.

Viongozi wa kanisa watamke wazi mimbarini kwamba mgonjwa huombewa akiwa njiani kuelekea hospitalini, wala si badala ya kupelekwa. Anayeanguka wakati wa maombezi naye achunguzwe kama anapumua. Si kila aangukaye ameguswa na Roho. Mwingine ameguswa na shinikizo la damu.

Sheria na gharama

Kifungu cha 43 cha Katiba kinasema kwamba mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya 2017 inaifanya hospitali inayokataa kutoa matibabu hayo, ilhali ina uwezo, kuwa na hatia. Anayempeleka majeruhi ana haki ya kudai ahudumiwe kwanza, na maswali ya malipo na ya polisi yafuate baadaye.

Hayo ndiyo maandishi. Katika hali halisi, jamaa wengi wamewahi kuombwa amana langoni. Ndiyo maana ni vyema kanisa liwe na hazina ndogo ya dharura yenye watia saini wanaopatikana Jumapili na usiku. Waumini pia wahimizwe kujisajili katika bima ya Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF mnamo Oktoba 1, 2024.

Kanisa likiweka orodha ya waumini wenye maradhi sugu, dawa wanazotumia na jamaa wa kupigiwa simu, lifanye hivyo kwa ridhaa yao na kuihifadhi kwa siri. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inazihesabu habari za afya kuwa nyeti. Hali ya muumini wa kifafa au wa virusi vya ukimwi isigeuzwe kuwa mada ya maombi ya hadharani bila idhini yake.

Kwa sababu iyo hiyo, simu za mkononi zifichwe. Ni aibu mke kuona picha ya mumewe aliyejeruhiwa katika mtandao wa WhatsApp kabla ya kuambiwa kwamba ameumia.

Baada ya tukio

Majeraha mengine hayafungwi kwa bendeji. Walioshuhudia mauti, na hasa waliojaribu kuokoa wakashindwa, huandamwa na ndoto mbaya, hofu na lawama. Watoto hurudi kukojoa kitandani au huogopa kuingia kanisani. Kamati iwakutanishe ndani ya siku chache, iwasikilize, na wenye kuzidiwa waelekezwe kwa mshauri nasaha au hospitali. Kumwambia mtu ajikaze si matibabu.

Kikao icho hicho kijiulize: tulichelewa wapi? Kilichokosekana kiandikwe na kirekebishwe kabla ya Jumapili ijayo.

Waumini wenye afya na uzani wa kilo 50 au zaidi wanaweza pia kuchangia damu kanisa linapoalika wahudumu wa benki ya damu. Aliyejeruhiwa leo hawezi kungoja damu ya mtu ambaye bado anafikiria.

Mwisho, mazoezi. Mara mbili kwa mwaka, baada ya ibada, kijana mmoja ajilaze kando ya mimbari, na saa ianze kuhesabiwa: nani alipiga simu? Sanduku lilifika baada ya dakika ngapi? Gari lilitoka? Mara ya kwanza watu watacheka. Mara ya pili watakimbia.

Katika kanisa lile la mashambani, kuna karatasi iliyobandikwa mlangoni hadi leo. Ina majina ya wawili wa zamu, nambari nne za simu, na mstari mmoja ulioandikwa kwa wino mwekundu ukisema kwamba hakuna gari linaloruhusiwa kuegeshwa langoni. Aliyeiandika ni yule muuguzi wa shule ya Jumapili. Darasa lake sasa hufunzwa na mtu mwingine kila anapokuwa zamu.